Kalori Unahesabu na Mizani Haisogei: Tafuta Kasoro Ilipo Kabla Hujajinyima Zaidi

Anayehesabu kalori Tanga ana kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kila mtu: kula pungufu kidogo ya mwili unavyotumia. Ya pili ni ya huku kwetu pwani: kujua kilichomo ndani ya sufuria iliyoungwa kwa nazi, ikapikwa na mtu mwingine, kwa kukadiria kwa jicho. Wengi ninaowaona wamekwama, wamekwama kwenye hii ya pili. Adhabu lakini wanaipeleka kwenye ya kwanza: wanapunguza ugali, wanaruka chai ya asubuhi, wanalala na njaa, na uzito uko palepale.

Hapa tunakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, uifanyie kazi hiyo, ndipo uangalie nyingine.

Kwanza kabisa: umekwama, au unakwenda polepole?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori 7,700 hivi. Ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku, wiki nzima umepata 3,500, yaani chini kidogo ya nusu kilo. Ukila pungufu kwa 250, umepata robo kilo. Robo kilo ni uzito wa glasi moja ya maji. Kunywa glasi hiyo kabla ya kupanda kwenye mizani, na kazi ya wiki nzima huioni tena.

Kuna na hili la wiki za mwanzo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu kama tatu za maji. Ukianza kula kidogo, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo zile kilo mbili tatu zinazokimbia wiki ya kwanza na kumfanya mtu ajipige picha. Baadaye yanabaki mafuta yenyewe, na mafuta hayana haraka. Anayetarajia mwezi wa pili uwe kama wiki ya kwanza atajiona amekwama hata pale anapokwenda vizuri kabisa.

Pima kila asubuhi baada ya choo, kabla hujatia kitu mdomoni, kwenye mizani ileile iliyokaa juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, usilinganishe Jumanne na Jumatano. Kama wastani unashuka hata gramu 200 kwa wiki kwa wiki nne mfululizo, hujakwama. Funga ukurasa huu, endelea na shughuli zako.

Na wale vijana wa mizani za barabarani, mlipe umpe riziki yake, lakini usichukue namba ya kijana wa sokoni leo ukailinganisha na ya kijana wa stendi wiki ijayo. Mizani mbili tofauti zinaweza kupishana kilo nzima bila yeyote kukudanganya.

Dalili: leo 81.2, kesho 82.6, na hujala cha ajabu

Hayo ni maji, au chakula ambacho bado kiko tumboni. Ili uongeze kilo moja na nusu ya mafuta kwa usiku mmoja ungelazimika kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya zile mwili unazotumia. Hata shughuli ya siku tatu haikufikishi huko.

Vinavyoshika maji vinajulikana. Chumvi ndiyo ya kwanza: ukila ng'onda au dagaa wa chumvi na achari juu yake, mwili unabakiza maji mpaka figo zimalize kazi. Hedhi ni ya pili, na kwa baadhi ya wanawake inaficha kilo moja hadi mbili siku chache kabla haijaanza. Mwanamke anayelinganisha wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake anajisumbua bure. Linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Choo kigumu kinaongeza. Mazoezi mapya nayo yanaongeza, maana misuli iliyochoka hujaa maji ili ijitengeneze.

Hakuna cha kurekebisha hapa. Subiri.

Dalili: daftari linasema 1,500, mwezi unaisha, wastani haujashuka

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Walipopimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, miili yao ilikuwa inatumia nguvu kama kawaida. Chakula walikuwa wamekitaja pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mwendo na mazoezi wakayazidisha kwa asilimia 51. Usisome hapo kwamba watu hao ni waongo. Jicho la binadamu halijui kupima mafuta, basi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mapishi ya Tanga kiko ndani ya mchuzi.

Anza na nazi. Nyama ya nazi moja kubwa, gramu 400 hivi, ina kalori kama 1,400. Zote haziingii kwenye tui, nyingine zinabaki kwenye machicha, kutegemea mkono wa anayekamua na amerudia mara ngapi. Kwa nazi ya wastani mimi huandika 800 na sijutii. Kasimile peke yake, ile ya mkamuo wa kwanza, inafika kalori 230 kwa kila gramu 100. Sasa fungua programu ya kwenye simu uandike "mchicha". Utaletewa kalori 20 na ushei kwa gramu 100, nayo ni kweli, kwa mchicha uliochemshwa kwa maji. Mchicha wako umelala kwenye kasimile.

Kama hupiki mwenyewe, uliza, na uliza kwa adabu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, chakula hiki kinakungoja."

"Ahsante. Kisamvu kimelainika leo! Umetia nazi ngapi?"

"Mbili tu. Na karanga kidogo, ngumi moja hivi."

Kila sehemu ya jibu hilo ni ya daftari. Nazi mbili ni 1,600. Ngumi ya karanga zilizosagwa, tuseme gramu 50, ni karibu 285. Kama sufuria inalisha watu sita, kila mmoja kapata kalori 300 na kitu kutoka kwenye hicho anachokiita mboga, na ugali bado haujaguswa. Mtu aliyeandika "kisamvu, 60" amepoteza kalori 250 kwenye mlo mmoja. Afanye hivyo mchana na usiku, na ile pungufu yake ya 500 imekwisha hapo hapo.

Usimwambie shangazi aache nazi. Kwanza hataacha, na pili hakuna haja. Chota majani na samaki kwa upawa uliouinamisha, mchuzi mzito urudi sufuriani, kisha hesabu kilichobaki kwenye sahani yako. Au, kama jikoni ni kwako, tui la mkamuo wa kwanza tumia la nusu nazi, lililobaki ongezea tui jepesi. Ladha inakuwepo.

Kwa anayepika mwenyewe kuna njia moja isiyobishaniwa. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kila sufuria na wake, mara moja tu. Pima kila kinachoingia kikiwa kibichi, ujumlishe kalori. Kikiiva, pima sufuria na chakula chake, toa uzito wa sufuria. Ukigawa kalori zote kwa uzito wa chakula kilichoiva, umejua kila gramu ina kiasi gani. Mfano wa wali wa nazi: nusu kilo ya mchele mkavu ni kalori 1,800, nazi moja 800, jumla 2,600. Ukiiva na kupimwa, tuseme, gramu 1,400, kila gramu 100 ina kalori 186. Sahani ya gramu 350 ni 650. Mwenzako aliyeandika "wali" kutoka kwenye programu, yenye 130 kwa gramu 100, ameandika 455 kwa sahani ileile. Kalori 195 zimepita bila kuonwa, na wote wawili wana mizani ya jikoni.

Mizani hiyo ya jikoni, ndogo, ya betri, ndiyo matumizi pekee ninayoyatetea. Vidonge vya kupunguza tumbo, chai za kusafisha, mikanda ya kutoa jasho, waachie wenyewe.

Mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sawasawa ni kalori 120. Anayemimina kutoka kwenye kidumu hajui amemimina vijiko viwili au vitano, na tofauti hiyo ni kalori 360. Dawa ni kupima kidumu kabla na baada ya kupika: kila gramu iliyopungua ni kalori 9. Anayenunua mafuta ya kupima ana nafuu ambayo hakuifikiria, kwa sababu anajua alinunua kiasi gani na kimekaa siku ngapi. Gawa kwa siku, gawa kwa walaji, umepata wastani mzuri tu. Vya kukaanga kwa mafuta mengi, kama bajia, sambusa na kaimati, havipimiki hivi kirahisi. Andika namba ya juu kuliko unavyodhani na usirudi nyuma.

Chapati wengi wanaiandika 150. Unga wa ngano gramu 80 peke yake unakaribia 290. Weka kijiko cha mafuta kilichogawanywa kati ya kukanda, kukunja na kuchoma, umefika 400. Ndogo na kavu itakuwa chini, sawa, ila ile ya kwenye mkahawa inayong'aa si ndogo na si kavu.

Chai. Kijiko cha chai cha sukari kikiwa sawasawa ni kalori 16. Cha kwetu kina kilima juu, kwa hiyo andika 25. Vijiko vitatu kila kikombe, kwa vikombe vinne, ni kalori 300 kwa siku, na hapo hujatia maziwa wala hujafika barazani kwa kahawa. Kahawa chungu ya barazani haina tatizo lolote. Tatizo ni kashata inayosindikizana nayo: kipande kidogo ni kalori mia na kitu, na mazungumzo yakinoga kinaitana na cha pili.

Machungwa ya Muheza, kwa upande wake, yanasingiziwa sana. Chungwa moja ni kalori 60 hivi, lina nyuzinyuzi, linashibisha. Yakikamuliwa manne kwenye glasi na kutiwa sukari ni habari nyingine. Dafu nalo ni jepesi kuliko watu wanavyofikiri, maji yake yana kalori kama 20 kwa mililita 100. Ile nyama laini ya ndani ndiyo ya kuhesabu. Soda ya mililita 350 ni kalori 140 hivi, na haishibishi chochote.

Kisha yale yasiyoandikwa kabisa: kijiko cha kuonja, ukoko wa chini ya sufuria, nusu andazi aliyoiacha mtoto, korosho chache zilizokuwa mezani. Korosho gramu 30, yaani kiganja, ni kalori 165. Kwa wiki moja tu, andika kila kinachopita kwenye meno, hata kama ni aibu. Daftari ni lako.

Dalili: namba za kwenye simu zinagongana

Andika "ugali" utapata majibu matano, na yanaweza kupishana maradufu. Yote yanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa ugali mgumu una unga mwingi kuliko ule wa kumeza kwa haraka. Achana na ugali ulioiva, pima unga. Unga wa mahindi ni kalori 360 hivi kwa gramu 100, uwe dona au sembe tofauti haifiki mahali pa kukusumbua. Bada fanya vivyo hivyo: unga wa muhogo mkavu hauko mbali na hapo.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya kibichi na kilichoiva. Mchele mkavu una 360 kwa gramu 100, wali uliochemshwa 130. Anayepima mchele mkavu na kuchagua namba ya wali ameficha zaidi ya nusu ya mlo wake.

Vyakula vyetu vina jedwali lake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, na humo zimo hata mboga zinazopikwa kwa nazi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua kati ya hilo na namba aliyoiweka mtu asiyejulikana kwenye programu, usifikirie mara mbili.

Dalili: Jumatatu hadi Ijumaa safi, Jumatatu nyingine mizani iko ilikoanzia

Piga hesabu ya wiki, siyo ya siku. Siku tano za kula pungufu kwa kalori 400 ni 2,000. Jumamosi arusi: pilau, soda mbili, visheti vya kufungia safari, umevuka mahitaji yako kwa 1,000. Jumapili mmebaki nyumbani na viporo vya shughuli, umezidi kwa 800. Wiki nzima umebakiwa na 200, ambazo ni gramu 26 za mafuta. Hakuna mizani ya nyumbani itakayoziona.

Kususia arusi haiwezekani, Tanga hii mtu atasusiwa yeye. Kinachowezekana ni kuchagua. Kwenye sinia jikatie upande wako mapema na ubaki hapo hapo, usivuke mpaka kwenda kwa jirani. Chukua pilau na nyama, acha soda. Au chukua visheti, acha sahani ya pili. Na andika, hata kwa kukisia. Wanaoacha kuandika siku ya shughuli ndio hao hao wanaoniambia miili yao ina tatizo.

Watu watasema umekonda, watauliza kama unaumwa. Jibu "namshukuru Mungu, mzima" na ubadilishe mazungumzo. Huna deni la maelezo.

Ramadhani ni shauri lake. Milo inapungua idadi, lakini futari ya kaimati, tambi za sukari, magimbi ya nazi na sambusa, kisha chakula cha usiku, kisha daku, inaweza kupita siku ya kawaida bila shida. Ukitaka kulinda kitu kimoja tu mwezi huo, linda vya kukaanga. Uji na tende anza navyo kwa amani, tende moja ndogo ni kalori 20 na kitu.

Dalili: mwanzo ulishuka vizuri, sasa kasi imekufa

Mwili mdogo unatumia kidogo. Hesabu inayotumika sana, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, inakwenda hivi kwa mwanamke: zidisha kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, toa 161. Kwa mwanamume mwisho huo badala ya kutoa 161 unaongeza 5. Hizo ni kalori za kuuweka mwili hai ukiwa umelala. Zidisha kwa 1.2 kama unakaa dukani kutwa, kwa 1.4 kama unatembeatembea na kufanya kazi za nyumbani.

Mwanamke wa miaka 38, urefu sentimita 160, kilo 84, anayetembeatembea: anatumia 2,085 kwa siku. Akila 1,700 anapungua gramu 350 kwa wiki. Akifika kilo 74 mwili wake unatumia 1,945. Akila zile zile 1,700 sasa anapungua gramu 220. Hakuna kilichoharibika, wala mwili "haujazoea" kwa namna ya kichawi. Amebaki na chakula cha mwanamke wa kilo 84. Piga hesabu upya kila unapopoteza kilo tano, na ujue kwamba hesabu yenyewe ni makadirio. Mtu na mtu wanapishana.

Kuna na uvivu unaoingia bila kuagizwa. Anayekula kidogo kwa muda mrefu huanza kukaa zaidi: anatuma mtoto dukani, anaita bodaboda kwa safari aliyokuwa akienda kwa miguu. Ukiweza, hesabu hatua kwenye simu na uzilinganishe na za mwezi wa kwanza.

Dalili: unafanya mazoezi, unapungua kama asiyefanya

Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita tano ametumia kalori 250 hadi 300. Jasho la Tanga litamwambia ni 800, na saa ya mkononi pengine itamwambia 450. Akirudi akajipongeza kwa chapati moja, wamelipana. Usizile kalori za mazoezi. Zihesabu kama nyongeza.

Baiskeli ninaipenda, na mji huu umeumbwa kwa baiskeli, lakini kwa hesabu hii tuwe wakweli: barabara za Ngamiani ni tambarare, na kwenda taratibu kwa baiskeli ni kazi ndogo sana kuliko kutembea umbali uleule. Nenda mbali zaidi, au ongeza mwendo, au shuka utembee.

Dalili: mizani haijasogea, ila sketi inazunguka kiunoni

Basi unapungua. Hasa aliyeanza kunyanyua vitu vizito au kupiga pushapu anaweza kupoteza mafuta huku misuli na maji yake vikijaza nafasi kwenye mizani. Tafuta futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Izungushe usawa wa kitovu, simama wima, toa pumzi kawaida, usiivute ikakata ngozi. Chukua kipimo mara moja kwa wiki, siku ileile, na uandike pembeni ya uzito. Sentimita mbili zilizopungua kiunoni ni habari nzito kuliko gramu 300 za mizani.

Dalili: njaa ya kutetemeka, hasira, kisha usiku unavamia jikoni

Umekata mno. Chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke na 1,500 kwa mwanamume si mahali pa kwenda bila mtaalamu wa afya. Rudisha kalori 200 au 300 na uone kama wizi wa usiku unakoma. Kwa wengi uzito huanza kushuka baada ya *kuongeza* chakula, kwa kuwa zile 900 za usiku hazikuwa zikiandikwa.

Halafu tazama protini. Mlo wa chai na andazi, mchana wali na mchuzi mwepesi, usiku ugali na mboga, unaweza kuwa na kalori za kutosha na protini haba. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako, ikiwa figo zako ni nzima. Yai moja lina gramu 6. Samaki gramu 100 ana 20 hivi, na hapa si Dodoma: samaki tunao, wa kuchoma, wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya. Dagaa, kunde, choroko, maharage, mtindi usiotiwa sukari. Anza kula hivyo kwenye sahani, wanga uje baadaye. Usingizi nao usiupuuze. Anayelala saa tano huamka na njaa ambayo si ya tumbo.

Ukishakagua yote na bado

Badilisha kitu kimoja. Punguza kalori 100 hadi 150 kwa siku, au ongeza nusu saa ya kutembea, siyo vyote viwili. Kaa hapo wiki tatu. Anayebadili vitu vinne kwa mpigo hatajua kipi kimefanya kazi, na akichoka ataviacha vyote vinne.

Wapo pia wasiotakiwa kuendelea kubana bila kupimwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze chakula kwa mwongozo wa mtandaoni. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akipunguza chakula bila dozi kuangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka akazimia. Aliyewahi kujitapisha au kujinyima mpaka akaumwa asishike daftari la kalori peke yake.

Dawa kadhaa huongeza uzito au kuuzuia kushuka kwa baadhi ya watu: prednisoloni, amitriptilini, olanzapini, valproeti, insulini yenyewe, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU ikiwemo dolutegraviri. Usiache hata moja kwa ajili ya mizani. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi kuna njia nyingine.

Ukisikia baridi wakati wenzako wanapepea, umechoka kila siku, choo kigumu, ngozi kavu, uliza kuhusu tezi ya shingoni. Ni kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Hedhi zinazoruka miezi, ndevu kidevuni na chunusi nyingi zinaelekeza kwenye matatizo ya ovari, ambayo hufanya kupungua kuwe kugumu zaidi. Miguu ikivimba, ukibonyeza inabaki shimo, au pumzi ikikata ukilala chali, hilo si suala la kalori tena. Nenda siku hiyohiyo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, wao wakiona haja watakuandikia rufaa ya Hospitali ya Bombo. Beba daftari lenye chakula cha wiki mbili, wastani wa uzito wa kila wiki, vipimo vya kiuno, na orodha ya dawa zote pamoja na za mitishamba. Daktari mwenye dakika kumi atafanya mengi kwa karatasi hizo kuliko kwa neno "sili kitu na sipungui".